Goti la Eustaki

Mdogo wangu Eustaki alilelewa juu ya nyonga yangu ya kushoto. Mama alishinda mpungani kule Mofu, mimi ndiye niliyebaki naye, na mtoto mzito namna ile huwezi kumbeba mgongoni huku unainama kuchota maji. Unamtupia ubavuni, anakubana kwa mapaja yake, unaendelea na kazi. Mpaka leo nyonga hiyo imepanda kidogo kuliko mwenzake, na fundi anayenishonea sketi anaijua. Nayasema haya mapema ili mjue ninayemsimulia ni nani kwangu. Nitamtukana humu, lakini nina haki.

Mimi ni Merina, muuza supu ya makongoro. Siku za kawaida niko Mlabani, siku za mnada wa ng'ombe nahamishia masufuria yangu mnadani, nje kidogo ya mji wa Ifakara. Kwenye benchi langu wanakaa wakulima na wafugaji, wote wanakunywa supu moja na wote wanasengenyana, kwa hiyo haya ya shambani niliyasikia kwa pande zote mbili.

Eustaki alikuwa mtu wa miguu. Wapo watu wa maneno, wapo watu wa akili, yeye Mungu alimpa miguu. Wakati wa mavuno alikuwa anafikicha mpunga juu ya turubai kwa nyayo, kiuno kinazunguka, magoti yanapanda na kushuka, na wanawake waliokuja kupepeta walikuwa wanaacha ungo zao wamtazame. Alibeba gunia begani akavuka tuta la jaruba bila kutazama chini. Mkewe Teddy aliwahi kuniambia kwamba alimpendea mwendo, sura alikuja kuizoea baadaye. Miguu ile ndiyo iliyolima, ikajenga, ikaoa.

Mwaka wa ugomvi, mpunga wa Eustaki kule Mofu ulikuwa umeanza kubeba. Eustaki alikuwa juu ya dungu akifukuza ndege alipoona ng'ombe wameingia upande wa mtoni, kundi zima, shingo chini, wanakula jasho lake. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Alishuka na panga. Mdogo wetu wa mwisho, Beno, alikuwa shamba la jirani na wenzake, wakasikia ukelele wakaja mbio, nao na mapanga.

Ng'ombe wa mbele alikuwa dume la kukokota plau, jeupe, limefundishwa kazi. Eustaki alilifyeka nyuma ya mguu, pale kwenye kano nene inayoshuka kisiginoni. Kano ile ikikatika mnyama hana tena mguu. Dume lilikaa chini kwa matako, likajaribu kunyanyuka, likakaa tena, linalia huku linazunguka kwenye tope na damu yake. Eustaki akamgeukia wa pili.

Ndipo mwenye ng'ombe alipofika. Jina lake Masunga, mtu wa makamo, familia yake ilishuka kutoka Usukumani yeye akiwa bado mtoto. Alimpiga Eustaki fimbo ya kichwa, damu ikamfunika macho, kisha akashusha nyingine kwa nguvu ya mikono miwili ubavuni mwa goti la kulia. Wasukuma wengine wakapiga mwano, ule ukelele wao wa kuitana, wakatokea kila upande wa mbuga. Panga la mtu likafungua bega la kijana mmoja wa Kisukuma mpaka mfupa ukaonekana. Mkulima mmoja akang'olewa meno ya mbele yote. Walipigana ndani ya mpunga mpaka hawakujua tena wanagombea nini, maana mpunga wenyewe walikuwa wameumaliza kwa miguu yao.

Kisha kila mtu akakimbia njia yake. Beno ndiye aliyebaki na kaka yake. Alikuwa na pikipiki yake kwenye njia kuu, akampandisha nyuma wakaondoka kwa kasi kuelekea Ifakara.

Hawakufika. Jioni ile ile nilipigiwa simu kwamba Eustaki yupo nyumbani kwa mzee Fulgensi, mganga wa mifupa wa kijiji cha njiani, na kwamba hawezi hata kuweka unyayo chini. Nikauliza kwa nini hawakuja hospitali. Beno akasema hospitali wangedai fomu ya polisi kwa sababu ni majeraha ya ugomvi, na polisi wangeuliza habari za dume lililokatwa na kijana wa bega. Nikaona ina maana. Nilipofika kwa Fulgensi niliona taa ya mbele ya pikipiki yake imepasuka, na kiwiko chake kimechubuka. Nilipomuuliza alisema, "Niliteleza kwenye tope kidogo, dada. Kaka goti lilikuwa limeshavunjwa na Msukuma." Eustaki mwenyewe, kwa lile pigo la kichwa, alikuwa hakumbuki kitu tangu fimbo ya goti mpaka alipozinduka kwenye mkeka wa Fulgensi.

Nilifika kesho yake asubuhi, na sitaki kuliona tena jambo lile. Goti lilikuwa limevimba na kuwa jeusi. Mguu wote ulikuwa umejikunja kidogo na kugeukia ndani, vidole vinautazama mguu wa pili, na ulionekana mfupi. Mzee Fulgensi alisema ufupi huo ni wa kano za goti kujivuta. Wanaume wawili wakamkalia Eustaki kifuani, Beno akashika kifundo cha mguu, mzee akabana goti kwa mikono miwili, wakavuta. Eustaki alimng'ata mmoja wao mkono mpaka damu ikatoka. Wakapumzika, wakavuta tena. Alipozimia ndipo walipomfunga goti kwa vijiti vya mianzi na kumpaka mafuta, wakasema sasa amelala vizuri.

Miezi ikapita ya mianzi na mafuta. Goti likanywea, weusi ukatoka, ukilitazama unaliona zuri kabisa, linakunjika na kukunjuka. Lakini mtu hatembei. Alijikokota kwa mkongojo, tako limetokeza nyuma, vidole vimetazama ndani, na kila hatua anashika goti anasaga meno. Mavuno yalikuja yeye amekaa kwenye kivuli cha nyumba anatazama wengine wakifikicha mpunga mchache uliosalia. Teddy alimletea uji akautupa. Siku nyingine akamtupa Teddy mwenyewe, akamsukuma kwa mkongojo mpaka akaanguka juu ya mafiga, na mkono wake una kovu la moto hadi sasa. Nilipopata habari nilikwenda nikamtandika kofi mbele ya watu. Hakunirudishia. Alisema tu, "Dada, huyu mtu amenila mguu. Na mimi nitamla wake."

Serikali ya kijiji ilikuwa imekwisha kaa na pande zote na kusema kila mmoja abebe maumivu yake, maana damu ilitoka huku na huku. Eustaki hakubeba. Kila aliyekuja kumsalimia alilishwa kiapo kile: goti kwa goti. Na aliyekuwa anakipalilia kiapo kuliko wote ni Beno. "Kaka, siku tukimpata! Mimi nitamshika, wewe utapiga." Nilidhani ni mapenzi ya ndugu. Mjinga mimi.

Nikamchukua Eustaki nikamleta kwangu Mlabani, nikampeleka hospitali kwa nguvu. Tabibu aliyempokea aliitwa Nassib, kijana mpole, ana sauti ya kuomba radhi hata anapokuambia ukae. Alimlaza, akaushika mguu, akauzungusha kidogo tu, Eustaki akaruka. Akaagiza picha.

"Nimekwambia goti!" Eustaki akafoka. "Mbona mnanipiga picha ya kiuno?"

Nassib akaiweka picha kwenye mwanga. Alinionyesha mimi, kwa kuwa mgonjwa alikuwa ameelekeza uso ukutani. Upande wa kushoto kichwa cha fupa la paja kilikuwa kimekaa ndani ya kikombe chake kwenye nyonga, kizima, mviringo. Upande wa kulia kikombe kilikuwa kitupu. Kichwa cha fupa kilikuwa kimetoka, kimepanda nyuma, kimeegemea mfupa wa tako kama mtu aliyefungiwa nje. Mimi kazi yangu ni viungo vya ng'ombe. Kikombe kitupu sikuhitaji kuelezwa.

"Goti lake ni zima, mama," Nassib akasema. "Kuna mshipa wa fahamu unaopita nyonga ukashuka mpaka ndani ya goti. Nyonga ikiumia, mtu anaweza kulisikia goti ndilo linalolia. Wengi wanadanganyika hapo."

"Mimi nimedanganyika?" Eustaki akageuka. "Goti ni langu, daktari. Linaniuma mimi, halikuumi wewe."

Nassib akamuuliza kwa upole, "Kaka, ulipata ajali ya gari au pikipiki? Nyonga mara nyingi hutoka hivi mtu akiwa amekaa, goti limekunjwa, halafu likagongwa kwa mbele. Fupa linasukumwa nyuma mpaka linaruka nje."

"Nilipigwa fimbo. Nimesimama wima. Andika hivyo."

Nilimtazama Beno, ndiye aliyetuleta. Alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, "Kaka anajua alivyopigwa," akatoka nje. Nassib akaeleza kwamba kwa muda uliopita haitavutika tena kwa mkono, ni mpaka upasuaji mkubwa, na atatuandikia rufaa. Eustaki aliinuka na mkongojo wake akaondoka kabla hajamaliza. Njia nzima alikuwa anasema daktari huyo amenunuliwa na wafugaji. Nilimwambia usijifanye mjuzi wa mwili kuliko picha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akanijibu guu lake limeshavunjika, basi hana haja ya kusikia.

Ukaja mnada wa mwisho wa mwezi ule. Nilimkataza Eustaki asije nami. Nilimwambia abaki nyumbani amenye ndizi za Sanje nilizonunua. Nikapanga masufuria yangu, nikachochea kuni, nikawa napasua makongoro kwa shoka juu ya gogo. Kongoro haliivi vizuri usipolipasua kwenye kiungo. Unatafuta pale mifupa inapokutana, unapiga mara moja, linaachia. Wateja walikuwa wengi.

"Mwangaluka, mayu," mwanamume mmoja akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama, kanga ya mabegani imemkaa vizuri, fimbo mkononi. Akakaa akaomba supu na pilipili. Wenzake wakamwita jina, Masunga. Hakunijua mimi ni nani.

Nilimwekea bakuli. Sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kama ni yeye aliyekuwa na dume jeupe lililokatwa kule Mofu. Uso ukamshuka.

"Ni mimi, mayu. Lile dume nililifundisha plau tangu ndama. Nilipoliona limekaa kwenye damu, nilipandwa na shetani. Nilimpiga yule jamaa kichwani nikampiga gotini. Namshukuru Mungu sikumuua."

"Ulimvunja mguu," nikasema.

"Nani?" Akaweka bakuli chini. "Alianguka, akanyanyuka. Akaondoka kwa miguu yake akichechemea, anajifuta damu. Nilikuwa namfuata kwa macho, nahofia atarudi na wenzake. Alitembea mpaka kwenye pikipiki, akapanda mwenyewe."

Mtu aliyetokwa na nyonga hatembei mpaka kwenye pikipiki. Nassib alituambia nyonga hutoka mtu akiwa amekaa. Taa iliyopasuka, kiwiko kilichochubuka, macho yaliyotazama viatu, vyote vilinijia kwa pamoja. Nikasema moyoni, Beno, mbwa wewe.

Ndipo niliposikia pikipiki. Ilisimama nyuma ya kibanda changu, Beno mbele, Eustaki nyuma. Mtu alikuwa amemwona Masunga akiingia mnadani akampigia Eustaki simu, na Eustaki akamwamuru Beno amlete. Hapo Beno alikuwa na nafasi ya kusema. Njia nzima kutoka Mlabani alikuwa nayo.

"Eustaki, simama!" nikapiga kelele. "Goti lako zima! Si yeye!"

Hakunitazama hata. Alifika kwa mruko wake mbaya ule, mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili ukashika shoka langu lililokuwa juu ya gogo. Masunga alikuwa amekaa kwenye benchi la chini, mguu ameunyoosha, bakuli mapajani. Alipoinua uso alimtambua. Akafungua mdomo.

Eustaki alipiga kwa kisogo cha shoka, katikati ya goti la kulia.

Sauti ile ninaijua. Naisikia kila siku kwenye gogo langu. Pia ya goti ilipasuka ndani ya ngozi, ngozi nayo ikafunguka, ukatokea weupe, kisha wekundu ukafunika weupe. Mguu ulikunjika upande usiokunjika mguu wa mtu. Masunga hakulia mara moja. Alitazama goti lake kama anataka kuhakikisha ni la kwake, halafu akatoa mlio ambao uliwageuza hata ng'ombe waliofungwa.

Eustaki akainua shoka tena. Alikuwa analitaka na la kushoto.

Beno akamrukia mkono. "Kaka, acha! Ulitembea! Ulitembea mwenyewe! Ni mimi, kaka, niligonga tela la trekta ya pawatila, goti lako likabamiza kona ya tela ukaruka! Ni mimi nilikutoa mguu, si yeye!"

Shoka likabaki hewani. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibomoka namna ile. Eustaki akamtazama Beno, akamtazama Masunga chini, akaliangalia goti lake mwenyewe, akalikunja, akalikunjua. Kisha shoka likamponyoka.

Mwano ulikuwa umeshapigwa. Wafugaji walikuja kutoka kila zizi, fimbo juu, na Beno, aliyeapa kumshika Masunga kaka yake apige, alikuwa wa kwanza kukimbia. Eustaki hakukimbia, wala hakuinua mkono. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili kichwani, akaanguka, wakaanza kumtwanga. Nililipiga teke sufuria kubwa la supu, mchuzi wa moto ukawamwagikia miguuni, wakaruka nyuma wakipiga mayowe. Nikajitupa juu ya mdogo wangu. Fimbo zilizokuwa zake zilinipata mimi nyongani, ile ile ya kushoto. Nilipiga kelele kwamba mimi ni mama yao, wanakula kwangu, waniue basi. Wachinjaji wa mnada wakafika na visu vyao, askari mgambo wakafika nyuma yao, na hapo ndipo fimbo zilipokoma.

Wote wawili walilazwa hospitali moja. Eustaki alikuwa na mbavu zilizovunjika na pingu kwenye kitanda, askari amekaa mlangoni. Masunga alikuwa wodi ya jirani, na mkewe alishinda varandani, hali wala hanywi. Nilimpelekea uji. Mara ya kwanza aliumwaga mbele yangu, sikumlaumu. Mara ya pili aliupokea, hakusema asante, na hilo pia sikumlaumu.

Beno alikuwa anakuja kila siku anasimama dirishani. "Shikamoo dada." Sikuitikia, na mpaka leo siitikii. Watu wananiambia damu nzito kuliko maji. Nawajibu kwamba damu niliiona mnadani, najua uzito wake. Kugonga tela ni ajali, inampata yeyote. Lakini alimtazama kaka yake akivutwa kwa Fulgensi huku yeye mwenyewe ameshika kifundo, akamtazama akimchoma mkewe, akamwendesha kwa pikipiki ile ile mpaka kwenye goti la mtu asiye na deni naye, amefunga mdomo. Hilo silisamehe.

Siku Nassib alipokuja kutuambia tarehe ya rufaa ya nyonga, Eustaki alimsikiliza mpaka mwisho. Kijana alipoondoka, mdogo wangu akaniita kama alivyokuwa akiniita zamani akitaka kubebwa.

"Dada Merina. Lile goti lake, litapona?"

"Wewe umekula makongoro yangu tangu nianze kuuza," nikamwambia. "Uliwahi kuona kiungo kilichopasuliwa kikaungana?"

Alilala akitazama dari. Kule wodi ya pili walikuwa wanambadilishia Masunga bandeji, na tulimsikia. Eustaki alipeleka mkono wake usio na pingu chini ya shuka, akalishika goti lake la kulia, akalipapasa polepole kuzunguka pia yake.

"Na langu lilikuwa zima," akasema.

"Lilikuwa zima," nikamjibu, nikamfunika miguu.